Kitu Kilekile: JDO, JPA na Zahanati za Morogoro

Kule Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, Kingalu, chifu wa Waluguru, akifariki, jina halizikwi naye. Linarithiwa kwa upande wa mama, kama ilivyo desturi yao, na anayelipokea ndiye Kingalu.

Wanaounda programu kwa vitu (objects) wana swali la aina hiyo. Kitu kilichomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta hupotea programu ikizimwa. Kesho kikisomwa upya kutoka kwenye diski, tutajuaje kuwa ni kilekile? ODMG, kiwango cha hifadhidata za vitu cha mwaka 1993, kilijibu kwamba kila kitu kina utambulisho wake, hata sifa zake zote zikibadilika. Hifadhidata za majedwali zina jibu jingine: safu hutambuliwa kwa ufunguo, na ufunguo ni thamani iliyoandikwa ndani ya safu yenyewe.

JDO, kiwango cha Java cha kuhifadhi vitu kilichotoka 2002, ilirithi mengi ya ODMG na haikujali data inalala wapi, kwenye majedwali au kwingineko. JPA, kiwango kingine cha Java cha mwaka 2006, ilijifunga kwenye majedwali tu. Kwa upana wa fikra, JDO ilikuwa bora, na bado naamini hivyo.

Lakini fikiria taarifa za zahanati za Matombo au Mgeta. Zinaanzia kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kisha huingizwa kwenye DHIS2, mfumo ulioandikwa kwa Java, ukitumia Hibernate, maktaba iliyochangia sana sura ya JPA, na kuhifadhi data kwenye majedwali ya PostgreSQL. Mtakwimu asiyejua Java hata kidogo anaweza kuyasoma majedwali hayo kwa SQL. Takwimu za chanjo lazima ziishi muda mrefu kuliko programu iliyozipokea, na hapo wembamba wa JPA unakuwa faida kubwa.

Hata hivyo, namba ya safu haitoshi kukitambulisha kitu, kwani kwenye seva nyingine inaweza kuwa ya kitu kingine kabisa. DHIS2 huongeza kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, na JPA haikulazimishi kufanya hivyo. Anayejengea halmashauri mfumo asikiache. Kwa mfano, Wilaya ya Gairo ilipomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, zahanati zilihama wilaya bila kuhama mahali. Kwa kitambulisho cha aina hiyo, wilaya ya zahanati hubadilishwa mara moja, na takwimu zake za miaka ya nyuma huifuata.