Kusadikika: Riwaya Ile Ile, Msomaji Mwingine

Aghalabu mtahiniwa akiulizwa Kusadikika inahusu nini, hujibu kwa neno moja: ukoloni. Jibu hilo lina mashiko. Riwaya hii ilichapishwa mwaka wa 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na mwandishi wake, Shaaban Robert, alikuwa mtumishi wa serikali iyo hiyo. Hata hivyo, jibu hilo halitoshi. Kazi ya fasihi ina historia mbili: historia ya kuandikwa kwake na historia ya kusomwa kwake. Hiyo ya pili ndiyo tunayoisahau madarasani.

Tanganyika ilijipatia uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi sita tu baadaye. Iwapo riwaya hii ingekuwa ya mkoloni pekee, ingezikwa pamoja na mwandishi wake. Haikuzikwa. Nchini Kenya, Bunge liliifanya KANU chama pekee halali mwaka wa 1982, na hali hiyo ikadumu hadi 1991. Msomaji aliyeishika Kusadikika miaka hiyo alikutana na Karama, mtu anayeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka watu wafundishwe uanasheria. Je, alihitaji kumtafuta Mwingereza ili aielewe kesi hiyo? Na baada ya Katiba ya 2010 swali limegeuka tena: sheria ipo, lakini ni wangapi wanaoijua?

Sasa tazama umri wa msomaji mwenyewe. Kijana wa kidato cha tatu huvutiwa na safari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Anataka kujua walikwenda wapi na waliona nini. Msomaji aliyekomaa hukawia mahali pengine. Yeye huwatazama waliokaa barazani, wakashuhudia watu walioitumikia nchi wakitupwa gerezani, kisha wakanyamaza. Kijana humchukia Majivuno. Mtu mzima huanza kuuogopa ukimya wa wale waliomzunguka, kwa kuwa ameuona kazini na pengine nyumbani.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu mtindo. Kijana huuliza: kwa nini mwandishi ajifiche nyuma ya nchi iliyo angani? Kwa nini asiseme waziwazi? Ni swali la haki. Lakini Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka wa 1909, alikuwa na miaka 42 kitabu kilipotoka, na riziki yake ilitoka kwa serikali. Msomaji mwenye mshahara na watoto wa kusomesha huiona istiari hiyo kwa jicho jingine: ni njia ya kusema pale ambapo kusema kumekatazwa. Vivyo hivyo mwishoni. Karama na wajumbe wanapoachiliwa, kijana hushangilia ushindi. Mtu mzima hufurahi pia, ila hujiuliza ni nani atakayewarudishia siku walizopotezea gerezani.

Usidhani, basi, kwamba mkubwa husoma vyema kuliko mdogo. Ghadhabu ya kijana ndiyo iliyomsimamisha Karama barazani. Busara peke yake ingeweza kumketisha pamoja na wale walionyamaza.

Mwalimu, usimpe mwanafunzi wako usomaji wako wa miaka arubaini aukariri kana kwamba ni wake. Mwulize anachokiona, kisha mdai ushahidi kutoka kitabuni. Nawe mtahiniwa, ukiambiwa ujadili ukweli wa kauli fulani, usitosheke na jibu la mwongozo. Toa hoja yako, itaje sehemu ya riwaya inayoithibitisha, na uitetee kama Karama alivyojitetea kwa siku sita. Baada ya mtihani, usikitupe kitabu. Kiweke, ukisome tena ukifika umri wa mwalimu wako.