UDONGO NAO NI AKIBA: HISTORIA FUPI YA HIFADHI YA ARDHI



Tunapotimiza miaka 10 ya kikundi, tukumbushane kwamba tuna akiba mbili: ya sandukuni na ya shambani. Ya shambani ni udongo. Mvua ikiuchukua, ni kama mtu kachota sandukuni bila kuandika, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika wilaya zetu hizi, hifadhi ya ardhi haikuanzia kwa mabwana shamba. Wairaqw wa Kainam, Mbulu, tangu enzi za mababu walitia samadi na kufukia majani kwenye matuta ya milimani. Ardhi ilikuwa finyu, kwa hiyo jasho lao lilikuwa na faida.

Wakoloni wakaja na amri. Kule Uluguru, Morogoro, watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Udongo mzuri ukafukiwa, mbaya ukabaki juu, mavuno yakawa hafifu. Mwaka 1955 wananchi waliandamana Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mpango ukaachwa. Tusiseme Waluguru walikuwa wavivu. Walipiga hesabu wakaona hasara.

Machakos, Kenya, nako amri ilichukiwa. Ilipolegezwa, wakulima wenyewe wakachagua "fanya juu": unachimba mfereji, udongo unautupa upande wa juu. Maji yakabaki shambani, mahindi yakastahimili ukame, kahawa na mboga zikapata soko. Wachimbaji wengi walikuwa akina mama wa vikundi vya mwethya, leo kwako kesho kwangu.

Fundisho ni hili. Tuta linadai siku za kazi mwaka huu na linakula nafasi ya maharage, lakini faida yake huja baada ya misimu. Mwenye njaa hawezi kungoja. Hapo ndipo kikundi kinapoingia: mkopo mdogo unamvusha mpaka mavuno, na mikono ya wenzake inapunguza gharama.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliteremka Katesh na hapa Gendabi, likaua watu zaidi ya 80. Mungu awarehemu. Matuta yasingezuia janga kubwa vile. Lakini mvua za kila mwaka huchukua udongo kidogo kidogo, na hizo tunaziweza.

Basi siku ya kugawana akiba, kila mmoja wetu aulize pia: shambani kwangu kumebaki kiasi gani?