Waliotoa Vitabu

Kila mara kiongozi wa kanisa anapoanguka, kuna swali linalorudi: "Mchungaji aliyenibatiza amekutwa katika dhambi. Je, ubatizo wangu ni ubatizo bado, ama nirudi majini?" Wengine hulinong'ona tu. Wengine huhama kanisa kwa ajili yake. Ndugu zetu wa Afrika ya Kaskazini waliulizana swali hilo miaka 1,700 iliyopita, nalo likawagawanya kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mgawanyiko huo ulibeba neno moja la Kilatini: traditores, yaani "waliotoa", waliokabidhi. Kitenzi chake ni kile kile ambacho Biblia ya Kilatini inakitumia kwa Yuda alipomtoa Bwana. Lakini someni 1 Wakorintho 11:23. Katika Kilatini kitenzi hicho kinatokea mara mbili katika mstari mmoja: Paulo anawakabidhi Wakorintho alichopokea, na Yesu anatolewa usiku ule. Sisi tunaosema Kifaransa tunayo yote mawili mdomoni, maana tradition na traître yametoka katika mzizi mmoja. Kumkabidhi mtoto wako Neno, na kulikabidhi Neno kwa mtesi wake.

Februari 303, Kaisari Diocletian aliamuru nyumba za ibada zibomolewe na Maandiko yachomwe moto. Tarehe 19 Mei mwaka ule ule, mkuu wa mji wa Cirta, ambao leo ni Constantine katika Algeria, alifika na watu wake kwenye nyumba ya ibada. Karani wake aliandika kila kitu, na karatasi zake zimetufikia.

Askofu Paulus aliulizwa vitabu viko wapi. Akajibu kwamba viko kwa wasomaji wa kanisa. Basi wakaanza kuhesabu mali: vikombe 2 vya dhahabu, 6 vya fedha, taa, halafu nguo za wanawake 82, viatu vya wanawake jozi 47, vya wanaume jozi 13. Mimi hapa husimama kidogo. Kanisa linalotunza jozi 47 za viatu vya wanawake linafanana sana na kanisa lenye wajane na maskini wa kuwavika.

Kabati za vitabu zilikutwa tupu. Mashemasi wadogo wawili, Catulinus na Marcuclius, walitoa kitabu kimoja kikubwa. Walipoambiwa wawataje wasomaji walikataa: wao si wasaliti, heri wauawe. Wakakamatwa. Lakini askofu mwenyewe alikuwa amekwisha kusema kwamba makarani wa mji wanawajua wasomaji wote. Wakapita nyumba kwa nyumba. Huyu alitoa vitabu 4, yule 5, mwingine 8. Victor, mwalimu wa sarufi, alitoa 2 pamoja na vijitabu 4. Kwa mtu mmoja aitwaye Coddeo, ni mkewe aliyevitoa, vitabu 6.

Katika karatasi hizo yumo pia shemasi mdogo Silvanus. Yeye alileta sanduku la fedha na taa ya fedha, akisema alivikuta nyuma ya chombo. Mlishike jina hilo.

Mateso yalipopoa, Caecilian aliwekwa kuwa askofu wa Carthage. Wengi walimkataa kwa kuwa mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Abthungi, alisemwa kuwa alitoa Maandiko. Mkono mchafu, walisema, hauwezi kupitisha Roho Mtakatifu. Wakamweka askofu wao, Majorinus, na baada yake Donatus, ambaye jina lake limebaki kwa kundi lote: Wadonati. Waliotoka kwa Caecilian walibatizwa upya kwao.

Kesi ya Felix ilichunguzwa, akaonekana hana hatia. Lakini mwaka 320 shemasi mmoja aligombana na askofu wake, akampeleka mbele ya liwali. Askofu huyo alikuwa mmoja wa waliomweka Majorinus, na sasa aliongoza kanisa la Wadonati pale Cirta. Victor mwalimu aliitwa kuwa shahidi, akasema kwamba siku ile ya mateso alikuwa amekimbilia mlimani. Ndipo karatasi za 303 zikasomwa mbele yake, pamoja na vitabu vyake 2. Zikasomwa mpaka kwenye sanduku la fedha na taa. Askofu aliyeshtakiwa ni Silvanus.

Mkutano wa maaskofu huko Arles, mwaka 314, ulikuwa umekwisha kuamua: aliyetoa Maandiko aondolewe kazini, lakini jambo lithibitishwe kwa kumbukumbu za serikali, si kwa maneno matupu ya watu. Tena aliyewekewa mikono na mtu kama huyo, ikiwa yeye mwenyewe anafaa, asiadhibiwe kwa kosa la aliyemweka. Naona ni uamuzi wenye hekima kuliko mingi tunayoitoa leo kwenye mikutano yetu ya kamati.

Karibu miaka mia moja baadaye, Augustine wa Hippo alikuwa akijibu swali hilo hilo. Baadaye alikubali serikali iwalazimishe Wadonati kwa nguvu, na hapo mimi simfuati. Lakini juu ya ubatizo alifungua Matendo 19. Wale waliobatizwa na Yohana, mtu mtakatifu, Paulo aliwafanya wabatizwe tena. Je, waliobatizwa na wanafunzi wa Yesu wakati Yuda angali pamoja nao? Hakuna aliyerudishwa majini. Yohana alitoa ubatizo wa Yohana, Yuda alitoa ubatizo wa Kristo.

Kwa hiyo ndugu uliyezamishwa katika maji mengi kwa jina la Bwana, ukiwa umetubu na kuamini, usirudi majini kwa sababu ya mchungaji wako. Kesi yake ina wazee wa kuihukumu, wakiwa na ushahidi mkononi.