Tamut na Wake Wasiotajwa Majina

Sura ya 10 ya kitabu cha Ezra inasomwa mara chache kanisani, na haishangazi. Wanaume wa Yuda na Benyamini wameitwa Yerusalemu, mwezi wa 9, mvua inanyesha, nao wamejaa uwanjani wakitetemeka. Baridi ni nusu tu ya sababu. Shauri lililowaleta ni wake zao: waliooa wanawake wa mataifa mengine wanatakiwa kuwaacha, wao pamoja na watoto waliozaa nao. Tume inaundwa na kazi inachukua miezi. Mwishoni kuna orodha ya walioonekana na hatia, majina zaidi ya 100, makuhani kwanza.

Yote ni ya wanaume. Hakuna hata mke mmoja aliyetajwa. Walikwenda wapi? Nani aliwapokea, na walibeba nini mkononi? Mwandishi hakujali, au aliona si kazi yake.

Ikiwa mfalme anayetajwa ni Artashasta wa Kwanza, kama wengi wanavyokubali, hayo yalitokea mwaka 458 K.K. Miaka 9 baadaye, kusini kabisa mwa Misri, Myahudi mwingine alikuwa anaoa mwanamke mwenye jina la Kimisri. Yeye tunaye kwa jina: Tamut.

Kisiwa cha Elephantine kiko katika Mto Nile, mkabala na Aswan ya leo. Chini ya Waajemi waliokuwa wakiitawala Misri, huko kulikuwa na kikosi cha askari Wayahudi, nao walikuwa na hekalu lao wenyewe. Bwana harusi, Anania, alikuwa mtumishi wa hekalu hilo. Tamut alikuwa mtumwa wa mtu aitwaye Meshulamu. Hati ya ndoa yao, ya mwaka 449 K.K., iliandikwa kwa Kiaramu juu ya mafunjo, na inaorodhesha alichokuja nacho bibi harusi: vazi la sufu, kioo cha kujitazamia, jozi ya makubazi, mafuta kidogo. Mali ya maskini.

Kisha hati inafika kwenye talaka. Anania akisimama mbele ya kusanyiko na kutamka kwamba amemchukia mkewe, atalipa faini, na mke ataondoka na kila alichokuja nacho. Sentensi zinazofuata zinamgeukia mke. Tamut naye anaweza kusimama mbele ya kusanyiko lilelile, kutamka neno lilelile, kulipa faini na kuondoka na vitu vyake. (Kuchukia hapa ni neno la kisheria, la kuvunja ndoa. Ukikutana nalo katika Kumbukumbu la Torati au Malaki, likumbuke.)

Linganisha na Kumbukumbu la Torati 24, ambako mume ndiye anayeandika hati ya talaka na kumpa mke mkononi. Mke kuandika ya kwake hakutajwi. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba hiyo ndiyo ilikuwa ndoa ya Wayahudi wa kale, basi. Lakini kati ya maandishi yote yaliyopatikana Elephantine hakuna kipande hata kimoja cha Torati. Watu wale walimwabudu Mungu yuleyule, na ndoa zao ziliongozwa na desturi na mkataba. Sheria iliyomo katika Biblia ilikuwa sauti moja kati ya kadhaa.

Hata hivyo, tusimpambe Tamut. Mkataba ulifanywa kati ya Anania na Meshulamu. Yeye alikuwa anazungumziwa. Mtoto wao Pilti alikuwa ameshazaliwa, na Meshulamu alijiwekea haki ya kumchukua iwapo Anania angemfukuza mama yake. Tamut aliishi miaka 22 ya ndoa akiwa bado mali ya mtu, jina la bwana wake likiwa limepigwa chapa kwenye mkono wake wa kulia. Mwaka 427 K.K. Meshulamu alimwacha huru pamoja na binti yake, Yehoishma, kwa sharti kwamba waendelee kumtumikia, na baada yake mwanawe, kama watoto wanavyomtunza baba.

Katikati ya hapo, mwaka 434 K.K., Anania alikuwa amemwandikia mkewe sehemu ya nyumba yao. Na Yehoishma alipoolewa mwaka 420 K.K. alitolewa mahari (neno lenyewe katika hati ni mohar, ndugu wa mahari yetu iliyopitia Kiarabu) na akaja na mali ya shekeli 78 na ushei. Mama yake alikuja na makubazi na kioo.

Mmarekani Charles Edwin Wilbour alizinunua hati hizo Aswan mwaka 1893, zikakaa ndani ya sanduku lake hadi binti yake alipoliachia Jumba la Makumbusho la Brooklyn kwa wosia. Zilichapishwa mwaka 1953. Moja kati yake ni ya mwaka 402 K.K.: Anania anaiuza nyumba kwa mkwewe, na wauzaji wanaotajwa ni wawili, yeye na mkewe Tamut.