Mlima Una Uso wa Nani?

Ukitoka Embu kwenda Meru asubuhi isiyo na mawingu, mlima unakuangalia. Mimi huona uso pale juu, na huwa ni wa mzee, si wa nyanya. Kwa nini?

Utafiti wa Marekani wa 2022 ulionyesha kwamba watu wakiona sura kwenye vitu, hata kiazi, mara nyingi husema ni mwanamume. Tusilaumu lugha, maana “yeye” wa Kiswahili hana jinsia.

Wameru waliuita Kirimara, jina lisilo la mtu yeyote. Halford Mackinder akapanda mwaka 1899, na vilele vikapewa majina ya malaibon wa Kimaasai: Batian (mita 5,199), Nelion, Lenana. Wanaume watatu, bana, na hata mmoja hakuwa wa Meru wala Embu.