Komba wa Mlima Rungwe na Msitu Wake

Komba ni mnyama mdogo wa usiku, wa jamii moja na kima na nyani. Watu wa pwani wamjua tangu zamani kwa ulevi wake, kwa kuwa hupanda minazini akanywa tembo la mgema. Ndiyo sababu mlevi hufananishwa naye. Lakini komba si wa namna moja, na walio wadogo kuliko wote wako pia mbali na minazi. Mmoja wao akaa katika msitu wa Mlima Rungwe, ambao mtu aliye Bulyaga, mjini Tukuyu, huuona upande wa kaskazini.

Mlima huo ni volkano iliyolala, wenye kimo cha mita 2,960 hivi, na mvua yake ni nyingi mno. Mchana komba hulala katika matundu ya miti na mafungu ya mitambazi. Usiku huruka tawi kwa tawi akitafuta wadudu, matunda na utomvu.

Jina la kitaalamu la galago liliandikwa na Étienne Geoffroy Saint-Hilaire mwaka 1796, juu ya mnyama wa Senegal. Baada yake wataalamu walipima ngozi na mafuvu. Mwaka 1936 Lawrence na Washburn waliandika habari za komba mdogo wa Uluguru, wakamfanya tawi tu la yule wa magharibi ya Afrika. Kumbe viumbe wa gizani hutambuana kwa sauti kuliko kwa sura. Milio ilipoanza kunaswa na kulinganishwa, tofauti zilidhihirika: mwaka 1996 Honess na Bearder walieleza namna mbili mpya, ya Udzungwa na ya Rondo, na mwaka 2017 komba wadogo wa mashariki wakapewa jenasi yao wenyewe, Paragalago. Yule wa Rungwe aliingia katika orodha kwa jina la mlima wake tu, pasipo jina rasmi la kisayansi.

Hilo si ajabu mahali hapa. Kipunji, kima mkubwa wa mchana, alijulikana kwa wawindaji wa Kinyakyusa kwa jina lake. Wataalamu walimgundua mwaka 2003 tu, wakamtangaza mwaka 2005.

Msitu ulitengwa na serikali mwaka 1949, lakini kutengwa hakukuzuia wapasua mbao na wachoma mkaa. Mwaka 2009 ukafanywa hifadhi ya mazingira asilia. Kwa komba jambo hili ni kubwa. Mti mkongwe wenye tundu ukikatwa mchana, waliolala ndani hukosa makao, na hapana amwonaye ahamaye usiku. Tena asiye na jina vitabuni aweza kutoweka pasipo hata kuhesabiwa miongoni mwa waliopotea.