Mtu wa Agano aliyenyongwa na Wanaagano

Hati iliyotiwa saini katika kanisa la Greyfriars mjini Edinburgh, tarehe 28 Februari 1638, ilibeba viapo viwili kwa mpigo. Cha kwanza kilikuwa kuilinda dini ya Uskoti dhidi ya mambo mapya ambayo Kanisa na Bunge havikuyapitisha. Cha pili kilikuwa kuilinda nafsi ya mfalme na mamlaka yake. Siku ile hakuna aliyeona kwamba viapo hivyo vingeweza kugongana. Mabwana wakubwa walitangulia kusaini, wakafuata wachungaji na wenyeji wa mji, kisha nakala zikasambazwa nchi nzima. Hati ikaitwa Agano la Taifa, na walioishika wakaitwa Wanaagano. Mmoja wa waliotangulia kusaini alikuwa kijana wa miaka 25, James Graham, erli wa Montrose.

Miaka 12 baadaye kijana huyo alinyongwa katika mji huo huo, na waliomnyonga walikuwa Wanaagano. Hadi anapandishwa ngazi alishikilia kwamba kile alichokisaini hajakivunja. Waliomhukumu nao walisema hivyo hivyo juu yao wenyewe. Ukiisoma hati yenyewe utaona kila upande ulikuwa na mstari wa kuegemea.

Aliyeyachokoza yote alikuwa Mfalme Charles I. Alizaliwa Uskoti, lakini akalelewa Uingereza tangu utotoni, na nchi ya baba zake aliitawala kutoka London kwa barua. Uskoti ilikuwa imefuata mageuzi ya kidini ya John Knox, na Wapresbiteri wake waliamini kwamba Kanisa linaongozwa na mabaraza ya wachungaji na wazee, wala si na maaskofu wanaoteuliwa na ikulu. Msomaji wa Kenya aliyewahi kusali PCEA, kanisa lililotokana na wamisionari wa Uskoti, anaujua mfumo huo: kuna wazee, kuna moderata, askofu hayupo. Charles aliwataka maaskofu, na mwaka 1637 akaongeza kitabu kipya cha sala bila kuuliza Mkutano Mkuu wa Kanisa wala Bunge. Kiliposomwa mara ya kwanza katika kanisa la St Giles, Edinburgh, tarehe 23 Julai, waumini walimrushia msomaji viti. Miezi saba baadaye Agano likawa tayari.

Montrose hakuwa mtu wa kurusha viti. Alirithi cheo na mashamba ya baba yake mwaka 1626 akiwa mvulana wa miaka 14, akasoma Chuo Kikuu cha St Andrews, akamwoa Magdalene Carnegie mwaka 1629, kisha akazunguka Ulaya kwa miaka kama mitatu. Alipenda farasi, upinde na mashairi. Aliamini kwa dhati kwamba maaskofu hawapaswi kushika serikali. Aliamini kwa dhati hiyo hiyo kwamba mfalme ni mfalme.

Mwanzoni imani hizo mbili zilitembea pamoja. Mwaka 1639 Wanaagano walimpa jeshi aende Aberdeen, mji wa kaskazini uliokuwa ukimpendelea mfalme na maaskofu wake, aulazimishe kulikubali Agano. Alifanya kazi hiyo, na mwezi Juni akalivuka daraja la mto Dee kwa vita. Tuukumbuke mji huo. Agosti 1640 Waskoti walipoamua kuingia Uingereza kwa silaha, kura ya nani atangulie kuvuka mto Tweed ilimwangukia yeye, akajitosa majini kwa miguu.

Lakini moyoni alikuwa ameanza kurudi nyuma. Maaskofu walikuwa wamekwisha kufutwa na Mkutano Mkuu wa Glasgow mwishoni mwa 1638. Kwake yeye jambo lililotakiwa lilikuwa limepatikana. Kwa wenzake lilikuwa ndio kwanza linaanza, na mbele yao alikuwa Archibald Campbell, bwana wa Argyll, mkuu wa ukoo wenye nguvu kuliko wote katika milima ya magharibi. Argyll alikuwa mpole wa maneno, mcha Mungu, na hesabu zake hazikuwa na haraka. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Montrose aliona mamlaka yanayonyang'anywa mfalme yanaishia mikononi mwa Campbell, akasaini mapatano ya siri na mabwana wengine pale Cumbernauld ili kumzuia. Siri ikavuja, na mwaka 1641 akafungiwa miezi kadhaa katika ngome ya Edinburgh.

Mwaka 1643, wakati Charles na Bunge la Uingereza wakiwa vitani, Wanaagano walitia saini agano jipya la kulisaidia Bunge hilo. Montrose alikataa katakata, kwa kuwa Agano la 1638 halikumtuma mtu kumpiga mfalme. Charles naye, baada ya kumpuuza kwa miaka, akampa cheo cha markizi na kumfanya mkuu wa majeshi yake Uskoti. Majeshi hayo hayakuwapo. Agosti 1644 markizi aliingia nchini mwake amevaa kama mtunza farasi, nyuma ya wenzake wawili.

Jeshi alilipata milimani. Alasdair MacColla, wa ukoo wa MacDonald, alikuwa amevuka bahari na askari wapatao 2,000 kutoka Ayalandi, wengi wao Wakatoliki, na kuwaunganisha na watu wa milimani waliowachukia Campbell kwa sababu za ardhi na visasi vya siku nyingi. Ndiyo maana huwa nasita kuviita vita hivi vya dini bila kuongeza neno. Mpresbiteri aliongoza Wakatoliki dhidi ya Wapresbiteri kwa niaba ya mfalme Mwanglikana, na nusu ya askari wake walikuwa wanadai mashamba ya babu zao. Namna yao ya kupigana ilitisha: walikaribia, wakafyatua bunduki mara moja, wakazitupa chini, wakatimua mbio na panga mkononi kabla adui hajajaza baruti upya. Pale Tippermuir, tarehe 1 Septemba 1644, jeshi la wanamgambo lilivunjika kwa mtindo huo.

Tarehe 13 Septemba walifika Aberdeen. Mji ule ule ambao Montrose aliulazimisha kulikubali Agano ulikuwa sasa unalindwa na jeshi la Wanaagano. Aliupelekea mjumbe pamoja na kijana mpiga ngoma, akitaka usalimu amri. Kijana akapigwa risasi akiwa njiani kurudi. Montrose alighadhibika, akawaahidi askari wake mji, na baada ya ushindi akaacha ahadi itimie. Siku kadhaa watu waliuawa mitaani na majumbani, wanawake walinajisiwa, mali ilibebwa. John Spalding, mwandishi wa mji huo ambaye mwenyewe alikuwa upande wa mfalme, aliandika kwamba wauaji waliwavua watu nguo kabla ya kuwaua ili nguo zisiharibike. Waandishi wa Montrose, Sir Walter Scott na John Buchan wakiwemo, wamempamba sana. Hakuna pambo linaloifunika Aberdeen. Kamanda aliyekuwapo na mwenye sauti alikuwa yeye.

Kama kiongozi wa vita, hata hivyo, hakuwa na mfano wake Uskoti. Majira ya baridi ya 1644 alipenya hadi Inveraray, makao ya Argyll, mahali ambapo wakubwa wa Campbell waliamini hakuna jeshi lingefika. Wakateketeza na kuchukua ng'ombe. Argyll akamfuata na jeshi hadi Inverlochy, chini ya mlima Ben Nevis, na jeshi jingine la Wanaagano likawa linamngoja Inverness. Montrose alikuwa katikati na watu wapatao 1,500. Badala ya kukimbia, mwisho wa Januari 1645 aligeuka, akawapitisha watu wake milimani katika theluji, chakula chao unga wa shayiri uliokorogwa na maji baridi, na alfajiri ya tarehe 2 Februari akatokea juu ya kambi ya Argyll. Argyll alikuwa ameumia bega, kwa hiyo alipanda mashua yake na kuitazama vita kutoka majini. Watu wake wapatao 1,500 waliuawa. Wengi walikatwa wakiwa wanakimbia.

Ushindi ukafuatana: Auldearn mwezi Mei, Alford Julai, Kilsyth tarehe 15 Agosti. Kabla ya Auldearn Montrose alikuwa amempoteza mwanawe mkubwa, John, aliyekuwa akifuatana na jeshi katika baridi ile. Baada ya Kilsyth hakukuwa na jeshi la Wanaagano lililobaki wima ndani ya Uskoti, naye akaitisha Bunge kwa jina la mfalme.

Halikukutana. Mfalme alikuwa tayari amevunjwa nguvu Naseby, Uingereza, mwezi Juni. MacColla alirudi magharibi kumalizana na Campbell, askari wa farasi wa ukoo wa Gordon wakaenda zao, maana hawakuwa wamepigania Uskoti nzima. Tarehe 13 Septemba 1645, mwaka mmoja kamili baada ya Aberdeen, Jenerali David Leslie alimfumania katika ukungu pale Philiphaugh. Waayalandi waliosalimu amri kwa kuahidiwa uhai walipigwa risasi, na wanawake na watoto walioandamana na jeshi wakauawa. Wachungaji waliokuwapo walihimiza mauaji hayo badala ya kuyazuia.

Mwaka 1646 mfalme, akiwa mikononi mwa Waskoti, alimwamuru Montrose aweke silaha chini. Montrose akaenda uhamishoni. Charles I alipokatwa kichwa Januari 1649, Montrose aliapa kumlipizia kisasi, na mwana wa mfalme huyo, Charles II, akampa hati ya kuingia Uskoti kwa vita. Hapa ndipo ninapomwonea huruma. Wakati Montrose anavuka kutoka visiwa vya Orkney na watu wapatao 1,200, kijana yule alikuwa anajadiliana na wajumbe wa Argyll na wenzake kule Breda, Uholanzi, akilitumia jeshi la Montrose kama tishio la kupandisha bei yake. Tarehe 27 Aprili 1650 jeshi hilo lilisambaratishwa Carbisdale na kikosi kidogo cha farasi. Siku chache baadaye Charles II alitia saini mapatano na Wanaagano. Montrose alikuwa ametangatanga milimani na njaa, akakamatwa Assynt na kukabidhiwa.

Hakukuwa na kesi, hukumu ilikuwa imepitishwa kabla hajafika. Mbele ya Bunge alisema Agano la 1638 alilishika na bado analishika, la 1643 hakulisaini. Tarehe 21 Mei alinyongwa kwenye mti wa futi 30, shingoni amefungiwa kitabu cha Kilatini kilichosifu vita vyake, kilichoandikwa na mchungaji wake George Wishart. Kichwa kilichomekwa juu ya gereza la Tolbooth, na mikono na miguu ikagawiwa miji ya Stirling, Glasgow, Perth na Aberdeen.

Argyll alimvika Charles II taji la Uskoti pale Scone, tarehe 1 Januari 1651. Cromwell, jemadari wa Bunge la Uingereza, alipoishinda Uskoti, Argyll akakubali kuishi chini yake, na hilo ndilo lililommaliza Argyll wakati mfalme aliporudi madarakani. Viungo vya Montrose vilikusanywa, na mwezi Mei 1661 vikazikwa kwa heshima zote katika St Giles. Siku 16 baada ya maziko hayo Argyll alikatwa kichwa, nacho kikachomekwa juu ya Tolbooth, kwenye ncha ile ile. Mwaka uliofuata Bunge lilitangaza kwamba Agano la 1638 na lile la 1643 yote ni batili, na maaskofu wakarudi hadi mapinduzi ya 1688 yalipofungua njia ya kuwaondoa moja kwa moja. Mfalme ambaye Montrose alimfia na Argyll alimvika taji ndiye aliyeidhinisha yote hayo.